Himalayan 450, CFMoto 450MT, KTM 390 au Honda Rally: ipi inifae kutoka Makongolosi hadi Mkiwa?

Mjukuu wa Matamba (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nimejinyima miaka minne kwa ajili ya pikipiki moja, na Mungu akipenda mwezi wa saba niko barabarani. Kabla sijalipa chochote nimeona niweke hesabu zangu hapa, wenye uzoefu wazipasue.

Nianze na njia, maana njia ndiyo inayochagua pikipiki. Natoka Mbeya, napanda Chunya, lami inaniaga Makongolosi. Kuanzia hapo ni Rungwa, Itigi, hadi Mkiwa, kilomita 413. Anayeijua njia ile anajua ninachosema: mchanga, vumbi laini kama unga linalofunika mashimo usiyaone, mbung'o wanaouma juu ya jaketi, na vipande virefu ambavyo ukizima injini husikii mtu wala ng'ombe. Mafuta Rungwa hupatikana ya chupa, siku yakiwepo. Baada ya hapo ni Singida, Babati, Arusha, na kurudi kwa Dodoma, Mtera na Iringa. Kwa hiyo nahitaji mashine ya mchanga ambayo pia haitanitesa kwenye lami ya siku tatu.

Wapo watakaosema nenda na Boxer. Boxer imelisha familia nyingi, yangu ikiwemo, na nimeshaipeleka hadi Sumbawanga. Lakini mimi nina kilo 86, nina hema na vifaa, na barabara ya Tunduma ina malori. Unapotaka kulipita lori lenye trela unahitaji nguvu ya kutoka haraka na kurudi upande wako. Kwa cc 150 unajikuta uko ubavuni mwa trela na mbele kuna basi linakuja. Upande wa pili kuna makubwa kama BMW R 1300 GS, nguvu farasi 145 na kilo 237. Ikilala Rungwa hiyo, nitakaa chini nisubiri gari lipite. Nimejifunga kwenye za kati, cc 300 hadi 450.

Kuna jambo moja nililirithi. Mzee wangu alikuwa bwana shamba Makete, na kazini alipewa Honda XL125. Alipanda nayo zile kona za Hamsini na Saba kutoka Chimala kwenda Matamba masika na kiangazi, mimi nikiwa nyuma yake nimeshika mfuko wa mbegu za viazi. Ile pikipiki haikuwa na nguvu yoyote ya kujivunia, ila rimu ya mbele ilikuwa inchi 21. Gurudumu kubwa linapita juu ya shimo ambalo dogo lingezama. Kwa sababu hiyo niliziondoa mapema zote zenye rimu ya inchi 19 mbele: BMW G 310 GS na ile KTM 390 Adventure ya zamani ya cc 373. Ya zamani niliwahi kuiendesha, inakimbia vizuri mno kwenye lami, ila kwenye mawe mikono inalipa.

Zikabaki nne.

Himalayan wengi mnaijua kwa ile ya kwanza ya 2016, cc 411, inayopozwa kwa upepo na oili, nguvu farasi 24 na kidogo. Injini ile ina mwendo mrefu wa pistoni, inavuta polepole bila kulalamika kama trekta. Hii mpya iliyotoka mwishoni mwa 2023 ni kitu kingine kabisa: cc 452, inapozwa kwa maji, nguvu farasi 40, uvutaji wa Nm 40 kwenye mizunguko 5,500 kwa dakika, gia sita, tenki lita 17, kiti milimita 825. Uzito ni kilo 196 tenki likiwa limejaa asilimia 90. Shokapu za mbele ni Showa.

CFMoto 450MT ndiyo mgeni aliyenivuruga akili. Ilioneshwa Milan mwezi ule ule wa Novemba 2023 ambao Himalayan mpya ilioneshwa. Silinda mbili, cc 449, na shafti yake imepangwa kwa nyuzi 270 ndiyo maana mlio wake unadunda badala ya kulia kama cherehani. Nguvu farasi 44 kwa ile inayouzwa Marekani, Nm 44, tenki lita 17.5, shokapu za KYB unazoweza kuzirekebisha mbele na nyuma, na rimu za spoki zinazofungwa tairi bila tyubu. Ina pia mfumo wa kuzuia gurudumu la nyuma lisizunguke bure, na unaweza kuuzima ukifika mchangani. Himalayan haina mfumo huo, ila inakuruhusu kuzima ABS (mfumo wa kuzuia gurudumu lisijifunge ukishika breki) ya nyuma, na kwangu hilo ndilo muhimu zaidi.

KTM 390 Adventure R ya 2025 ina cc 399, nguvu farasi 44, gurudumu la 21 mbele na 18 nyuma, na shokapu zenye safari ndefu kuliko za Himalayan na CFMoto, milimita 230. Tatizo langu nayo ni kiti cha milimita 870 na tenki la lita 14. Pia uvutaji wake mkubwa unakuja juu, karibu mizunguko 7,000. Kingine, kampuni iliingia kwenye usimamizi wa mahakama kule Austria mwishoni mwa 2024, kisha Bajaj ya India ikaingiza fedha kuiokoa. Pikipiki yenyewe haina kosa kwa hilo, lakini mimi ninayeagiza vipuri kutoka mbali lazima nilipime.

Ya nne ni Honda CRF300 Rally: cc 286, nguvu farasi 27, kilo 153, tenki lita 12.8. Nyepesi kuliko zote.

Kwa bei za Marekani, ambazo ndizo rahisi kulinganisha, Himalayan ilitajwa dola 5,799, CFMoto 6,499, KTM R 6,999. Kwetu ongeza meli, ushuru, VAT ya asilimia 18 na usajili, kwa hiyo usishangae mtu akikutajia bei ya gari.

Sasa sikilizeni suala la uzito, kwa sababu hapa watu wengi wanapotea. CFMoto wanaandika kilo 175 na Himalayan kilo 196, ukisoma haraka unaona tofauti ya kilo 21. Lakini 175 ni kavu, bila mafuta. Lita moja ya petroli ina uzito wa karibu robo tatu ya kilo, hivyo lita 17.5 ni kilo 13. Tia oili, maji ya rejeta na vingine, unavuka 190. Tofauti halisi ni ndogo sana. KTM nao kilo 165 zao ni bila mafuta. Ukilinganisha, hakikisheni mnalinganisha zote zikiwa zimeshiba.

CFMoto na Himalayan nimezipanda zote mbili, na hapa ndipo penye shauri langu.

CFMoto nilipewa na msafiri aliyetoka Afrika Kusini akaingilia Tunduma, akalala siku mbili Mbeya. Nilipanda nayo milima ya kwenda Chunya. Kwenye lami, kilomita 110 kwa saa, imetulia kabisa. Vioo havitetemeki, mikono haifi ganzi. Shokapu zinameza mashimo bila kukurusha. Nilishuka nikiwa nimeshawishika. Lakini nilipoingia njia ya machimbo, mwendo wa mtu anayetembea, gia ya pili, injini ilitaka nishike klachi nusu muda wote. Nguvu yake inaanza kuchangamka juu zaidi.

Himalayan niliazimwa na rafiki yangu wa Njombe siku mbili, Aprili, mvua zikiwa bado zinanyesha. Niseme ukweli, chini ya mizunguko 3,000 nayo haina ule uvutaji wa 411. Ikishapita 3,000 inakubeba hadi unapotaka. Kwenye lami ina mtetemo wa silinda moja, unausikia miguuni. Lakini kwenye udongo nilijua gurudumu la nyuma linafanya nini kila wakati.

Kati ya Matamba na Kitulo nilianguka nayo. Udongo mwekundu umelowa, kona ya kushoto, spidi ndogo, ikalala taratibu juu ya bampa. Haikuvunjika chochote. Nikashika hendeli, nikainua, ikateleza. Mara ya pili ikateleza. Mara ya tatu mgongo ukaniambia acha. Nilikaa pale robo saa kwenye ukungu, hadi walipopita vijana wawili wenye magunia ya viazi, wakaweka mizigo chini bila hata kuombwa, tukainua. Nimeiwaza ile robo saa kuliko nguvu farasi zote nilizozisoma. Kitulo watu wanapita. Kati ya Rungwa na Itigi unaweza kukaa hadi jioni.

Mafuta: Himalayan kwa mwendo wa utulivu inakwenda kilomita 28 kwa lita, lita 17 ni 476. Mchangani nihesabu 24, inakuwa 408. Yaani karibu niivuke njia nzima bila chupa ya mtu. CFMoto na lita zake 17.5 inakaribia hapo hapo. KTM na Honda lazima zibebe dumu.

Moyo wangu uko kwa Himalayan, macho yako kwa CFMoto. Nipigeni maswali.

Kinyonga79

Nafuatilia uzi kwa karibu sana. Endelea mkuu.

Fundi wa Sae

Mkuu, umeandika vizuri, niongeze upande wa gereji maana ndiko ninakoshinda.

Silinda moja ina valvu nne, mbili zina nane. Kuseti tapeti (nafasi ya valvu) kwenye Himalayan ni kazi ya asubuhi moja kwa fundi aliyetulia. Kwenye silinda mbili zilizobanana chini ya tenki, utavua vitu vingi kabla hujaiona shafti ya valvu, na kila kilichovuliwa kina nafasi ya kurudishwa vibaya. Si kwamba CFMoto ni mbovu. Nimeifungua moja, kazi ya ndani ni safi na nyaya zimefungwa kwa nidhamu. Ila wewe unauliza juu ya Itigi.

Vipuri visikutishe sana. Wafanyabiashara wa Kariakoo wanakwenda Guangzhou kila mara, na India ndege ya moja kwa moja kutoka Dar hadi Mumbai ipo. Kinachokwamisha watu ni kuagiza kwa maneno. Mtu anasema "niletee pedi za breki za ile kubwa," zinakuja za nyingine. Pakua kitabu cha vipuri cha pikipiki yako, andika namba ya kila kitu kinachochakaa: chujio la oili, la hewa, pedi, waya wa klachi, beringi za magurudumu. Namba hizo ziwe kwenye simu na kwenye karatasi.

Suala la tairi umelipita haraka, na mimi nalitazama tofauti. Watu wanazipenda zisizo na tyubu kwa sababu pancha unaiziba kwa kamba bila kuvua gurudumu, dakika kumi umeondoka. Kweli kabisa. Lakini ukigonga jiwe rimu ikapinda, upepo unatoka pembeni na kamba haikusaidii. Hapo unatia tyubu kama kawaida, kwa hiyo hata mwenye CFMoto asitoke bila tyubu. Ile ya 2.75-21 ya mbele ya XL ya mzee wako inaingia kwenye tairi ya 90/90-21 na kukufikisha. Nyuma Himalayan ni 17, CFMoto ni 18, na rimu za bodaboda ni 17 na 18 pia. Tyubu ya bodaboda ni nyembamba kwa tairi pana la 140, lakini ukienda polepole itakufikisha kijiji kinachofuata. Jifunze kuvua tairi la nyuma wewe mwenyewe nyumbani kwako, mara tatu, kabla hujaondoka.

Halafu rejeta. Hizi zote nne zinapozwa kwa maji. Ukipita kwenye majani marefu mbegu zinajaa kwenye rejeta, feni inalia mfululizo, joto linapanda. Beba brashi laini, na ufunge wavu mbele.

Dada wa Usa River

Kaka, pole kwa kuanguka, na asante kwa kutoificha.

Mimi nina Honda Rally mwaka wa tatu sasa. Urefu wangu ni sentimita 163 na kiti chake ni milimita 885, kwa hiyo nikisimama naegemea mguu mmoja tu. Watu waliniambia sitaiweza. Nimekwenda nayo Mto wa Mbu, Engaruka hadi Ngare Sero chini ya Ol Doinyo Lengai, njia ya majivu ya volkano na mawe, peke yangu. Nilianguka mara nne kwa siku mbili. Mara zote nne niliinua mwenyewe: nageuka mgongo kwenye kiti, nashika hendeli iliyo chini kwa mkono mmoja na chuma cha nyuma kwa mwingine, nasukuma kwa miguu nikirudi nyuma hatua ndogo ndogo. Wewe ulitaka kuinua kwa mikono ukiwa umeikabili. Hata kilo 153 huinui hivyo kwenye tope.

Kwenye hesabu yako ya mafuta umeitaja Honda kana kwamba dumu ni mzigo mkubwa. Mimi napata 30 kwa lita bila shida, lita 12.8 ni kilomita 384. Nikibeba dumu la lita tano nimeivuka njia yako na akiba juu. Lita tano ni kilo nne. Himalayan inaizidi yangu kwa kilo zaidi ya 40, kila mita ya safari.

Nakubali lami. Nikifika kilomita 100 kwa saa inachoka, na upepo wa uwanda wa Singida unanisukuma kama karatasi. Kulipita lori napanga mapema, nasubiri mteremko. Lakini wewe mwenyewe umesema njia ndiyo inayochagua pikipiki, na kinachokutisha kwenye njia yako ni Rungwa. Malori hujayalilia popote isipokuwa mstari mmoja.

Swali: ulipoanguka Kitulo ulikuwa na mzigo kilo ngapi?

Msafiri wa Marsabit

Salamu kutoka kaskazini mwa Kenya, ndugu zangu.

Mimi bado niko na Suzuki DR650. Cc 644, hewa na oili, kabureta, hakuna rejeta, hakuna kioo cha rangi. Nimeipitisha Chalbi hadi North Horr na Loiyangalani, juu ya mawe meusi ya volkano ambayo yanakata tairi kama kisu. Ikikataa kuwaka mambo ni machache: plagi, mafuta au waya. Nakaa kivulini, natafuta, napata. Tenki lake la kiwandani ni lita 13, nikaweka kubwa zaidi.

Sikushawishi ununue ya zamani. Nataka uangalie jambo moja kwenye hizo nne. Zote zina injekta, na pampu ya mafuta iko ndani ya tenki. Mafuta ya chupa ya barabarani yana maji na uchafu. Kabureta ikiziba unafungua na kupuliza. Pampu ikifa hapo ndipo safari imefika mwisho. Beba kitambaa safi na faneli yenye wavu, na usiyaamini mafuta yoyote ambayo hujayaona mchana.

Na kuhusu silinda mbili dhidi ya moja: kwenye kilomita 400 za kokoto zenye mawimbi, mtetemo wa barabara unaufunika wa injini. Utulivu wa silinda mbili utaufurahia kwenye lami tu. Hesabu una siku ngapi za lami, siku ngapi za vumbi.

Mjukuu wa Matamba

Dada, swali lako limenifanya nirudi stoo na mizani. Siku ile nilikuwa na masanduku mawili ya bati ya rafiki yangu, hema, jiko, vyuma, maji, nguo. Nimevipima leo vyote: kilo 38. Kwa hiyo nilikuwa nainua kilo 234, karibu sawa na ile BMW niliyosema siiwezi, na nilikuwa nainua vibaya. Nimejaribu jana namna yako ya mgongo uani kwa rafiki yangu, Himalayan ikiwa tupu, juu ya nyasi zilizolowa. Iliinuka mara ya kwanza, na mara ya pili, na mara ya tano. Asante sana.

Kuhusu Rally, umenitikisa. Nisingekuwa na kilo 86 ningekufuata. Lakini lori nililitaja mstari mmoja kwa sababu ni jambo ambalo sipendi kulirefusha. Nina jamaa yangu aliyebaki kwenye ile barabara akijaribu kupita. Nguvu farasi 40 kwangu ni za sekunde zile chache tu, sina mpango wa kukimbia nazo.

Ndugu wa Marsabit, nimehesabu. Siku tatu za vumbi, tano za lami. Kwa hesabu hiyo CFMoto ingeshinda, na nimelala nikiliwaza. Ila siku tano za lami nina gereji kila mji na watu kila kilomita mbili. Siku tatu za vumbi niko peke yangu. Nachagua kwa ajili ya zile tatu: silinda moja, uvutaji unaokuja kwenye mizunguko 5,500 badala ya juu ya 6,000, na tapeti ambazo Fundi anaweza kunifundisha. Mwenye kushinda Dar hadi Iringa na kurudi, apite Matema mara moja kwa mwaka, achukue CFMoto bila kusita. Ni pikipiki nzuri kuliko wengi wanavyotaka kukubali.

Ni Himalayan 450. Masanduku ya bati hayaendi. Natafuta mabegi laini ya turubai, fundi viatu mmoja hapa Mwanjelwa amekubali kunishonea.

Fundi wa Sae

Njoo nayo Jumamosi ikishafika. Leta tyubu mbili za mbele na mbili za nyuma, vyuma vya tairi na pampu ya mkono. Nitakaa kwenye kigoda nikuangalie, sitakugusia kitu.

Dada wa Usa River

Lengo lako liwe mzigo kilo ngapi?

Mjukuu wa Matamba

Kilo 20 na maji ndani. Leo niko 31. Nimetoa jiko na kiti cha kukunja, nimebaki nalitazama hema.

Dada wa Usa River

Hema acha, kaka. Chukua chandarua na turubai. Rungwa mwezi wa saba hakuna mvua, kuna mbung'o.